Askari wa akiba anapoumia Jumamosi

Marekani ina askari wengi ambao si askari kila siku. Jumatatu hadi Ijumaa ni madereva wa malori, wauguzi, walimu, vibarua wa maghala. Wikendi moja kwa mwezi wanavaa sare na kuripoti kikosini, na kila mwaka, aghalabu wakati wa kiangazi, wanakwenda kambini kwa wiki mbili. Hao ndio askari wa Jeshi la Akiba na Walinzi wa Taifa. Wazungumzaji wa Kiswahili wamo pia. Kwa miaka kadhaa hadi 2016 jeshi la nchi hiyo lilikuwa na mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wengine wameingia kwa njia ya kawaida, wakiwa na kibali cha ukazi wa kudumu. Ndiyo maana swali hili huulizwa hata na ndugu walioko Kisumu au Bukavu: kijana ameumia jeshini, mbona serikali haimlipi?

Serikali hulipa. Ila kabla ya kuuliza ameumia kiasi gani, inauliza alikuwa nani saa ile alipoumia. Jibu la swali hilo la pili ndilo huamua takribani kila kitu.

Tutunge mfano. Baraka ni koplo wa akiba, na siku za kazi anaendesha foroko, gari la kuinua mizigo, ghalani. Jumamosi moja, kikosi kinapakia vifaa, anateleza kwenye kidaraja cha nyuma cha lori na goti linapinda. Sajenti anamwuliza kama anaweza kutembea. Anajibu ndiyo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana dhaifu mbele ya wenzake. Tabibu wa kikosi anampa ibuprofen ya miligramu 800, dawa ambayo askari wa Marekani wameifanyia utani miaka na miaka kwamba hutibu kila kitu, mradi unywe na maji mengi. Jumapili jioni Baraka anarudi nyumbani akichechemea. Jumatatu yuko kwenye foroko.

Miaka 4 baadaye daktari anamwambia kano ya goti imechanika na gegedu limelika. Sasa anataka fidia.

Hapa inabidi tutulie na kalenda. Sheria ya mafao ya askari wa zamani huugawa muda wa askari wa akiba katika mafungu. La kwanza ni utumishi kamili, kama pale anapoitwa kwenda Iraq au Afghanistan. Humo hana tofauti na askari wa kudumu. La pili ni mazoezi ya kambi: zile wiki mbili za mwaka, pamoja na mafunzo ya mwanzo ya kuruti. La tatu ni mazoezi ya wikendi. Wikendi moja huhesabiwa kuwa vipindi 4, na mwaka mzima una vipindi 48. Kwa Walinzi wa Taifa liko fungu jingine tena, pale gavana anapowaita kwa mafuriko au moto wa msituni. Hapo wanakuwa watumishi wa jimbo, na wakiumia madai yao hufuata sheria za jimbo, ambazo hazifanani kutoka jimbo moja hadi jingine.

Aliyeumia au kuugua akiwa kwenye mazoezi ya kambi analindwa kwa yote mawili, jeraha na ugonjwa. Aliye kwenye mazoezi ya wikendi analindwa kwa jeraha tu. Homa ya mapafu iliyompata kwa kulala kwenye hema lenye unyevu usiku wa Jumamosi ni ugonjwa, na kwa ugonjwa wa wikendi sheria haina fungu. Imeacha milango mitatu tu: shambulio la moyo, moyo kusimama, na kiharusi, vikitokea wakati wa mazoezi yenyewe. Mtu anaweza kuona mantiki yake, kwamba siku mbili ni chache mno kusema jeshi ndilo lililokuambukiza. Lakini mwili haujui kama leo ni wikendi ya kawaida au ni wiki ya kambi. Askari wawili wakilala hema moja, mmoja kwa amri ya kambi na mwingine kwa ratiba ya wikendi, wakaamka na kikohozi kilekile, mmoja ana madai na mwenzake hana.

Mstari huo kati ya jeraha na ugonjwa umewasumbua hata wanasheria wenyewe wa Idara ya Maveterani, ofisi inayolipa mafao hayo. Mwaka 2001 mwanasheria mkuu wa idara alitoa maoni kwamba mtu aliyeshambuliwa kingono wakati wa mazoezi ya wikendi, kisha akapata maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe, anaweza kuhesabiwa kuwa ameumia kwa jeraha. Mwaka uliofuata alisema hivyohivyo kuhusu madhara ya chanjo ya kimeta iliyotolewa siku ya mazoezi: sindano iliyoingia mwilini na kuleta ulemavu inaweza kuitwa jeraha. Maoni hayo mawili ni ya busara, na yanaonyesha jinsi mstari wenyewe ulivyochorwa bila kuwaza sana.

Njiani nako kuna ulinzi. Askari anayetoka nyumbani moja kwa moja kwenda mazoezini, au anayerudi moja kwa moja, akipata ajali barabarani anahesabiwa kuwa aliumia mazoezini. Maneno "moja kwa moja" yana uzito wake. Ukipita kwa rafiki kuangalia mpira kisha gari likagongwa, utaulizwa ulianza safari saa ngapi, ulipita njia ipi, na kwa nini.

Tumrudie Baraka. Goti ni jeraha, wikendi inalindwa kwa jeraha, kwa hiyo mlango uko wazi. Atathibitisha vipi kwamba aliumia?

Askari wa kudumu akianguka kambini, maisha yake yote yameandikwa mahali pamoja. Hospitali ni ya jeshi, faili ni la jeshi, na akiondoka hupewa cheti kinachoonyesha alianza lini na kumaliza lini. Askari wa akiba hapewi cheti kama hicho kwa kila wikendi. Ushahidi kwamba Jumamosi ile alikuwa kazini umo kwenye hati ya malipo na kwenye taarifa ya pointi zake za mwaka, ambazo huonyesha tarehe, lakini hazisemi neno kuhusu goti. Jumatatu akienda zahanati ya mtaani, daktari raia ataandika "maumivu ya goti" na pengine asiulize yalianzaje.

Kwa hiyo karatasi moja hubeba uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Jeshini huandaliwa taarifa ya uchunguzi kuonyesha kwamba askari aliumia akiwa katika kazi yake. Katika jeshi la nchi kavu huanza na fomu ya DA 2173: tabibu hujaza sehemu ya matibabu, na mkuu wa kikosi hujaza sehemu ya hali ya utumishi, yaani alikuwa kwenye mazoezi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Kama hakuna utata, mambo huishia hapo. Kukiwa na dalili za ulevi, utoro au kujiumiza kwa makusudi, hufunguliwa uchunguzi rasmi. Kimsingi jeraha huchukuliwa kuwa la kazini hadi ushahidi uonyeshe vinginevyo, na hilo ni jambo jema. Ila hakuna atakayelichukulia vyovyote kama halikuandikwa. Kwa kawaida askari wa akiba hupewa siku 180 baada ya kumaliza zamu ile ya mazoezi kuomba uchunguzi huo uanzishwe. Baraka, kwa aibu na kwa ibuprofen, aliziacha zikapita.

Karatasi hiyo ikiwepo, mambo mengi hufunguka mapema, kabla hata ya kufika Idara ya Maveterani. Jeshi linapaswa kumtibu lile jeraha bila yeye kulipa. Akishindwa kufanya kazi za kijeshi, au akaweza hizo lakini akapoteza kipato cha kazi yake ya kiraia, kuna malipo ya kufidia, ambayo kwa kawaida hayazidi miezi 6 isipokuwa wakubwa wayaongeze. Mwajiri wa kiraia hawezi kumfukuza kwa sababu alikuwa jeshini, na kama bado anauguza jeraha, sheria humpa hadi miaka 2 kabla ya kudai kazi yake. Bodi ya madaktari ikimwona hafai tena kwa utumishi, ulemavu wa asilimia 30 au zaidi humstaafisha kwa malipo ya kila mwezi. Chini ya hapo, akiwa hajatimiza miaka 20 ya utumishi, hupewa kiinua mgongo mara moja na kuagwa.

Wengi wakisikia haya huuliza: kwa nini asishtaki tu? Lori lilikuwa bovu, kidaraja kilikuwa na mafuta, sajenti alikuwa mzembe. Raia angefungua kesi.

Hapo tunarudi mwaka 1950. Miaka minne kabla yake, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyoruhusu watu kuishtaki serikali ya shirikisho kwa uzembe wa watumishi wake. Mahakama ya Juu ikapelekewa kesi tatu za askari kwa pamoja. Katika ya kwanza, askari aliungua hadi kufa kwenye bweni la kambi ya Pine Camp, New York, bweni ambalo mjane wake alidai lilijulikana kuwa na mfumo mbovu wa kupasha joto. Katika ya pili, askari alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na miezi 8 hivi baadaye, katika upasuaji mwingine, likatolewa taulo lenye urefu wa inchi 30 na upana wa inchi 18, limeandikwa kuwa ni mali ya idara ya tiba ya jeshi. Ya tatu nayo ilihusu kifo mikononi mwa madaktari wa jeshi. Jaji Robert Jackson aliandika hukumu ya mahakama yote: wote watatu hawana haki ya kushtaki, kwa kuwa madhara yaliwapata kutokana na utumishi wao. Sababu moja aliyoitaja ni kwamba askari tayari ana mfumo wa fidia usiohitaji mahakama. Baadaye mahakama zikaikazia sababu nyingine, kwamba askari wakianza kuwapeleka makamanda wao kizimbani nidhamu itavunjika.

Hukumu hiyo, iitwayo Feres kwa jina la familia katika kesi ya kwanza, imesimama hadi leo. Imelaumiwa na watu wasiokubaliana katika mambo mengine yote. Mwaka 1987 Jaji Antonin Scalia, mhafidhina wa wahafidhina, aliipinga akiwa upande mmoja na majaji waliberali. Jaji Clarence Thomas ameomba mara kadhaa iangaliwe upya, na Februari 2025 alipinga tena pale mahakama ilipokataa kusikiliza madai ya mlinzi wa taifa aliyepooza baada ya kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya jeshi. Bunge lililegeza kidogo mwishoni mwa mwaka 2019: askari aliyedhurika kwa uzembe wa madaktari katika hospitali za jeshi anaweza kuomba fidia, lakini anaiomba kwa Wizara ya Ulinzi yenyewe, si kwa hakimu. Kwa lori bovu na sajenti mzembe, hakuna kilichobadilika.

Na mahakama za rufaa zimeitumia Feres dhidi ya askari wa akiba bila kusita. Aliye kwenye mazoezi ya wikendi ni askari, yuko chini ya amri, jeraha lake limetokana na utumishi, asishtaki. Angekuwa mapumzikoni, anaendesha gari lake barabarani, akagongwa na lori la jeshi, angeweza kushtaki: ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1949 katika kesi ya Brooks. Akiwa kikosini Jumamosi, hawezi.

Sawa, tukubali kwamba siku ile Baraka alikuwa askari kamili. Lakini akifika kwenye dirisha la Idara ya Maveterani, ukamilifu huo hupungua. Askari wa utumishi kamili anapodai, sheria humpa dhana kadhaa za kumsaidia. Huchukuliwa kwamba aliingia jeshini akiwa mzima isipokuwa kwa kasoro zilizoandikwa siku alipopimwa. Baadhi ya maradhi yakijitokeza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuondoka, huchukuliwa kuwa yalianzia jeshini. Tatizo la zamani likizidi akiwa kazini, huchukuliwa kuwa kazi ndiyo iliyolizidisha. Kwa mtu ambaye madai yake yanatokana na mazoezi pekee, dhana hizo kwa sehemu kubwa hazipo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa za maveterani ilifafanua kwamba anayedai mazoezi yalimzidishia tatizo la zamani lazima athibitishe mambo mawili: kwamba tatizo lilizidi katika kipindi kile, na kwamba mazoezi ndiyo yaliyolizidisha, si mwendo wake wa kawaida.

Tena kila kipindi hupimwa peke yake. Aliyepigana Iraq mwaka 2005 ni veterani kwa kipindi kile. Akivunjika mguu kwenye wikendi ya mwaka 2015, uveterani wa Iraq haumbebi. Na aliyemaliza wiki 10 za kuruti kule Fort Jackson, kisha akaenda mazoezini kwa miaka 20 bila kuitwa vitani wala kuumia, kisheria hakuwa veterani hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2016 Bunge liliruhusu wastaafu wa aina hiyo waitwe maveterani kwa heshima, likaandika wazi kwamba heshima hiyo haiji na mafao yoyote.

Hili ndilo ninaloliona kuwa na kasoro, na halizungumzwi vya kutosha kwa kuwa kila nusu yake hushughulikiwa na ofisi tofauti. Askari wa akiba akitaka kushtaki, huambiwa yeye ni askari sawa na wengine wote, na kwamba ana mfumo mzuri wa fidia. Akiufikia mfumo huo, huambiwa alikuwa askari wa siku mbili tu, basi alete ushahidi zaidi ya wengine. Hoja ya Jaji Jackson ingekuwa na nguvu zaidi kama mlango wa pili ungekuwa wazi kwa kiasi kilekile ulivyofungwa wa kwanza.

Uingereza imepita njia nyingine. Huko pia askari walizuiwa kushtaki kwa sheria ya mwaka 1947, lakini zuio liliondolewa mwaka 1987. Tangu Aprili 2005 upo mpango wa fidia ya jeshi usiouliza nani alikosea, na askari wa akiba wamo; anayedai kwa kawaida ana miaka 7. Akiamini kulikuwa na uzembe, anaweza pia kwenda mahakamani. Hilo halimaanishi kwamba mazoezi ya Waingereza ni salama. Julai 2013 askari watatu wa akiba walikufa baada ya matembezi ya mchujo wa kikosi maalumu cha SAS katika milima ya Brecon Beacons, Wales, siku ya joto kali. Uchunguzi wa vifo ulibaini uzembe, na mwaka 2016 mamlaka ya usalama kazini iliikemea rasmi Wizara ya Ulinzi. Rasmi, lakini bila faini, kwa sababu vyombo vya Taji, yaani vya serikali, haviwezi kushtakiwa kwa jinai chini ya sheria ya usalama kazini.

Madai ya Baraka hayajafa. Anahitaji vitu vitatu: uchunguzi wa leo unaoonyesha goti ni bovu, ushahidi kwamba jambo lilitokea Jumamosi ile, na maoni ya daktari yanayounganisha viwili hivyo. Cha pili ndicho kigumu, lakini hakihitaji kuwa fomu ya jeshi pekee. Maelezo ya kiapo ya wenzake waliomwona akianguka yanapokelewa. Ujumbe aliomtumia mkewe usiku ule, picha ya goti lililovimba yenye tarehe, rekodi ya zahanati ya Jumatatu, vyote vina uzito. Daktari naye si lazima awe na uhakika kamili. Inatosha aseme, na aeleze kwa nini, kwamba uwezekano wa goti kuharibika Jumamosi ile ni nusu kwa nusu au zaidi. Sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote, shaka inamwendea mdai. Kanuni hiyo, angalau, haikumbagua askari wa wikendi.

Mapema kabisa afungue kusudio la kudai, fomu fupi inayomtunzia tarehe kwa mwaka mmoja huku akikusanya ushahidi, kwa sababu malipo ya nyuma huhesabiwa kwa tarehe hiyo. Akikataliwa ana mwaka mmoja kuchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu apitie faili, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Vyama vya maveterani vina wawakilishi wenye kibali wanaosaidia bure. Wakili haruhusiwi kutoza ada kwa kuandaa madai ya kwanza, kwa hiyo anayemwomba Baraka pesa mapema ili "amharakishie faili" aogopwe.

Tuseme anashinda na kupewa asilimia 10. Kwa viwango vya mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi. Kama bado yuko kikosini, siku moja ataletewa fomu nambari 21-8951, kwa kuwa haruhusiwi kupokea malipo ya ulemavu na malipo ya mazoezi kwa siku zilezile. Achague moja. Kila kipindi huhesabiwa kama siku moja ya malipo, kwa hiyo vipindi 48 vya wikendi na siku 15 za kambi ni siku 63, na kwa kuwa malipo ya mazoezi kwa kawaida ni makubwa zaidi, wengi huachia yale ya ulemavu. Kwa Baraka ni takriban dola 369 kwa mwaka, zinazokatwa kwa siku zilezile anazorudi kupanda na kushuka malori.